Kabureta Mbili za Baba

Juzi nilishuka Kariokor kununua viatu vya akala, na nje ya soko nikamkuta kijana wa bodaboda amechuchumaa kando ya pikipiki iliyokataa kuwaka. Alifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akaitupa kwenye ndoo ya takataka, akafunga nyingine mpya. Mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Nikamuuliza mbona hakuiosha.

"Mathe, hiyo ni stori ya kitambo," akanijibu akicheka. "Siku hizi ni kutoa na kuweka."

Haya basi, nikusimulie hiyo stori ya kitambo, maana mimi niliosha kabureta nikiwa msichana wa darasa la sita, na zikatakata.

Tulikaa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja, bomba la maji uani. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Pikipiki yake kuukuu, ya silinda mbili na kabureta mbili, ililala ndani pamoja nasi, kati ya kochi na kitanda, imefunikwa shuka kama mgeni wa heshima. Jumapili baada ya kanisa alitupakia mmoja mmoja, akatuzungusha hadi Majengo na kurudi, nasi tukashuka tukiwa na vumbi na majivuno.

Kisha mikono ya Baba ikaanza kutetemeka. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Pikipiki nayo, kwa kukaa bila kuendeshwa, ikaziba, ikagoma kabisa.

Mama hakuzunguka mbuyu. "Baba watoto, mimi sitaki kuwa mjane. Jumamosi mtu wa vyuma chakavu anakuja na mkokoteni kuichukua."

Baba hakubishana naye juu ya kuendesha. Alijua Mama ana haki. Kilichomuuma ni ile habari ya mkokoteni, pikipiki yake kukatwakatwa na kuuzwa kwa kilo. Jioni hiyo akaniita uani.

"Mikono yangu imestaafu kabla yangu," akasema. "Niazime yako."

Tukaanza. Yeye alikaa kwenye kigoda akielekeza, mimi nikafungua. Vyuma vya kabureta ya kushoto viliwekwa kwenye sahani nyekundu, vya kulia kwenye sahani ya bluu, na ole wangu nikichanganya, kwa sababu kila moja ilikuwa imezoea vyuma vyake. Tundu la jeti, pale petroli inapopenya, ni dogo mno, na nilipochukua waya kulizibua Baba alipiga kelele utadhani nimeshika nyoka. Waya hupanua tundu. Nikachomoa kijiti laini cha ufagio badala yake. Nilipokasirikia skrubu iliyoshika kutu, akaniambia, "Bisibisi haitaki hasira, mama." Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Nyanya wa mlango wa pili, aliyeuza mahamri, ndiye aliyetupatia ndimu. Kabureta huchemshwa kwa maji ya ndimu, uchafu ukabanduka wenyewe. Tatizo ni kwamba Baba alichagua sufuria ya chai. Siku iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kumtembelea Mama, wakanywa chai yenye harufu ya petroli, wakatazamana. Baba alimaliza kikombe chake, akaomba kingine. Mama alinuna mpaka usiku, kisha nikamsikia akicheka peke yake gizani.

Jumamosi mkokoteni ulifika mapema, sisi tukiwa bado tunafunga. Mtu wa vyuma akaambiwa asubiri. Majirani walitoka na vikombe vyao vya uji. Nilikanyaga kiki ya kuwashia mpaka goti likauma, mara pikipiki ikakohoa, ikawaka. Lakini ilichechemea, upande mmoja ukivuta kuliko mwingine. Baba akanipa kipande cha mpira, ncha moja nikaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, nisikilize inavyovuta pumzi. Kushoto, kisha kulia. Nikazungusha skrubu kidogo, nikasikiliza tena, hadi nikashindwa kuzitofautisha. Mngurumo ukatulia, mzito na sawasawa. Nyanya akapiga kigelegele.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani, akingoja mumewe apande. Baba akazima injini, akachomoa ufunguo, akamkabidhi.

"Sasa iuze," akasema. "Lakini mnunuzi aondoke akiwa ameipanda."

Mkokoteni ukarudi sokoni Gikomba mtupu. Wiki iliyofuata mwalimu wa shule ya jirani akainunua. Baba alimpa onyo moja tu: "Kabureta zisiguswe na mtu. Zina fundi wake." Akaniwekea mkono begani. Ulitetemeka, nami nikasimama wima kuliko askari.

Nyumba zile zimebomolewa, pamepandishwa ghorofa, na sijui bomba lilikuwa wapi. Nyanya na mahamri yake wametutoka, karakana imenyamaza. Baba aliishi miaka mingi baadaye. Tukiwa tunakula, kila pikipiki ilipopita barabarani aliinua kidole, sote tukanyamaza, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. "Si yetu," akasema, tukaendelea kula.

Sasa nakaa ghorofa ya nne, na bodaboda hupita chini mchana kutwa. Mara nyingine mume wangu huniona nimeinua kidole, kijiko hewani, akaniuliza ni nini.

"Si yetu," namwambia.