Chupa ya Bi Kavu

Gereji nzima ilimwita Bi Kavu, na jina lilimkaa. Gari likitoka mikononi mwake ungeweza kulilaza juu ya shuka jeupe, kesho yake ukalitandika shuka hilohilo kitandani. Kabla ya kushika spana alifua mashuka ya hospitali miaka tisa, na huko ndiko alikojifunza kuchukia madoa. Kwenye injini alikuwa vilevile. Alifuta, akafuta tena, kisha akatafuta cha kufuta.

Sasa gari la mbio la mdogo wake lilikuwa limemtia aibu. Likiendeshwa taratibu, kavu kabisa. Likipigwa mbio, oili ilitoka nyuma ya injini, ikadondokea bomba la moto, na moshi ukajaa mpaka ndani. Alikwisha kubadilisha sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke, mara mbili. Mara zote mbili alishusha gia boksi, akapachika sili mpya, akaapa kwamba yamekwisha. Hayakuisha.

Alhamisi mchana mdogo wake, ambaye ndiye dereva, alikuja na mumewe, anayekaa kiti cha pili na kumsomea kona.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," mume alisema, "lakini sikai tena kwenye jiko linalotembea."

Mdogo mtu hakucheka. "Dada, ukaguzi wa mashindano ni Jumamosi. Tone moja tu, tunarudishwa nyumbani. Kesho asubuhi kama bado linavuja, nalipeleka kwa fundi mwingine." Aliyasema akiangalia sakafu. "Na nikilipeleka, litabaki hukohuko."

Maneno yalimchoma. Gari lile walilijenga wawili, nati kwa nati.

"Njoo kesho," alijibu.

Walipoondoka aliketi juu ya tairi, akajiuliza swali ambalo angejiuliza mwezi mmoja nyuma kama si ubishi. Sili mbili mpya zitakuwaje mbovu zote? Huenda sili haina kosa lolote, ila kuna kitu ndani kinaisukuma.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akalivalisha tundu lake glavu ya mpira, akaifunga kwa uzi. Akawasha injini, akazidisha mafuta. Glavu ikaanza kujaa. Vidole vikasimama kimoja kimoja, hadi ukawa mkono wa trafiki anayesimamisha magari.

Kila injini huvujisha upepo kidogo kupitia kwenye ringi za pistoni, ndiyo maana hupewa mpira wa kupumulia. Upepo ukijaa namna ile, ama ringi zimekwisha, ama njia imeziba. Na kama ni ringi, basi Jumamosi waisahau. Alipima mgandamizo wa silinda zote nne huku akiomba kimoyomoyo. Zote zikawa sawa. Ndipo akaushika mpira wa kupumulia, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye injini mpaka ulipoishia, kwenye chupa.

Chupa yake. Aliichomelea mwenyewe kwa aluminiamu, kwa sababu mpira ule ulikuwa ukirusha ukungu wa oili kwenye injini yake safi. Chupa iliudaka wote. Kifuniko alikikaza hata harufu isitoke, akaisugua mpaka unajiona uso, na hakuna mgeni aliyepita gereji asiyeonyeshwa.

Aliuchomoa mpira kwenye chupa, akazidisha mafuta tena. Glavu ikanywea, ikalala.

Nyani haoni kundule, jamani. Mwezi mzima mama wa watu analaumu sili, kumbe injini kaiziba pua mwenyewe ili isimchafulie. Bi Kavu alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Angeweza kutoboa tundu dogo, akafyata ulimi, akaitwa bingwa. Nani angejua? Aliona haya hata kwa kuliwaza.

Asubuhi mdogo wake alimkuta amesimama na chupa mkono mmoja, drili mkono wa pili.

"Sili hazikuwa na kosa," alisema. "Kosa ni hii. Niliifunga mno, injini ikakosa pa kupumulia. Kosa ni langu, mdogo wangu."

"Hiyo unayomwonyesha kila mtu?"

"Hiyohiyo."

Mdogo mtu akaichukua chupa, akaibana kwa mikono miwili juu ya meza. "Toboa."

Walipachika kichujio kidogo juu ya tundu, wakaenda kulijaribu gari barabara ya nyuma. Shemeji alikaa kiti chake, akijifanya anasali. Waliporudi hapakuwa na moshi. Mdogo mtu alijilaza chini na tochi, akapapasa nyuma ya injini, akatoa kidole kikavu.

Juu ya chupa tu, kuzunguka kichujio, palikuwa na doa jembamba la oili. Mkono wa Bi Kavu ulikwenda wenyewe na kitambaa. Mdogo wake akaushika.

"Liache, dada. Na Jumamosi uje mapema. Mkaguzi akiuliza fundi wetu ni nani, nataka uwepo."

Bi Kavu akakitia kitambaa mfukoni.