Mtungi wa Samaki Wekundu

Mkubwa wa kazini wa Papa, baba yangu, kule uwanja wa ndege wa Luano, alipomaliza mkataba wake aligawa vitu vyake. Mmoja alipata viti, mwingine jiko la gesi. Papa alirudi na akwariamu ya kioo na ndoo yenye samaki watatu wekundu, kila mmoja mdogo kama kidole gumba changu. Yule mkubwa alikuwa amemwambia neno moja tu: hawa ni samaki wa maji baridi.

Ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi tulivaa sweta mbili mbili, kwa hiyo hakuna aliyeuliza baridi yenyewe iwe kiasi gani.

Kuwachunga nilipewa mimi, kwa sababu ndimi ninayekaa nyumbani. Wageni wakiingia, mimi natoka kwa mlango wa nyuma, na Mama amezoea kuwaambia kwamba nimelala. Mbele ya samaki sikuwa na haya. Niliweza kuwatazama saa nzima, nikijiuliza kama wanaona sebule yetu au wanaona kioo tu.

Mwezi wa kumi joto likaja. Samaki wakapanda juu, wakabaki pale na midomo wazi.

"Beko na njala," Mama akasema, akawamegea bukari, ugali wetu.

Jioni maji yalikuwa kama ya kuoshea sufuria. Niliyabadilisha yote. Samaki walirudi juu vilevile, midomo wazi. Basi haikuwa njaa. Niliogopa kwamba watakufa mikononi mwangu, na nilitaka kujua kwa nini.

Kwanza nilitaka kujua joto la maji. Nilichukua kipimo cha homa cha Mama, kile cha kioo, nikakitumbukiza. Zebaki haikupanda hata kidogo, maana kinaanzia kwenye joto la mtu.

"Uko naona?" Yaya, dada yangu mkubwa, akacheka. "Haina na malaria."

Nikakumbuka Mama anavyopima maji ya kuogeshea mtoto: kwa kiwiko. Niliingiza changu. Sikusikia kitu, si baridi si moto, kama vile nimekiweka hewani.

Jibu la midomo lilitoka kwenye suruali ya mjomba. Alikuja kutusalimia siku ambayo umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, akafungua bia ya moto. Povu lote likamrukia mapajani.

"Bia ya moto haina bia!" akalalamika. "Gazi yote inakimbia."

Nilimwacha akijipangusa, nikaenda kusimama mbele ya akwariamu. Kama bia ya moto haiwezi kushika hewa yake, na maji je? Ndiyo maana samaki wako juu: kule chini hakuna cha kupumua. Nilifurahi hata karibu nimwambie mjomba. Karibu.

Sasa ilibaki kupata baridi. Kwetu Katuba, upande mmoja wa avenyu unaweza kukosa umeme huku upande wa pili unawaka, basi watu huvusha nyama zao kwa jirani mwenye friza. Sisi tunavusha kwa Hadja, mama mmoja wa familia iliyotoka Maniema, nyumba ya mbele yetu. Nilibeba chupa mbili za maji, nikasimama kwenye lango lake mpaka aliponiona mwenyewe.

"Weye mutoto, unasimamaka pale sawa poto ya kura juu ya nini? Ingia!"

Niliacha kuwa nguzo ya umeme, nikampa chupa bila kusema ni za nini. Kesho yake saa sita, nilizitia kwenye akwariamu zikiwa zimeganda, na samaki wakashuka chini, wakaogelea vizuri. Nilijiona mtaalamu. Jioni barafu ikaisha, joto likarudi. Kesho yake nikatia tena. Siku ya tatu Hadja naye hakuwa na umeme. Siku ya nne, kwa kutaka kufidia, niliongeza chupa ya tatu, nikazitia zote mara moja.

Samaki mmoja akalala ubavu. Nilimtoa, akafa kiganjani mwangu.

Nilikaa naye muda mrefu kabla ya kuelewa. Kila siku nilikuwa ninawapeleka mwezi wa saba na kuwarudisha mwezi wa kumi kabla jua halijazama. Mimi mwenyewe ningeugua.

Niliporudi kuchukua chupa zangu bila kungoja barafu, Hadja aliuliza, "Leo hautaki glasi?"

"Samaki moja ilikufa."

"Samaki gani? Ya kukaanga?"

"Ya... ya kuangalia."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Samaki ya kuangalia! Njo minagandisha mayi ya samaki ya kuangalia!" Kisha akaona machozi yangu, akanipeleka kwenye baraza la nyuma na kunipa maji ya kunywa. Alikuwa ameyachota kwenye mtungi wa udongo. Yalinigonga meno. Na friza yake ilikuwa imezima tangu jana!

Niligusa tumbo la mtungi. Lilikuwa limelowa. Nikauliza, mimi ambaye sijawahi kumwuliza mtu mzima kitu, "Hadja, juu ya nini iko na jasho?"

"Njo vile inakuwaka baridi. Mayi kiloko inatoka inje, upepo inabeba moto yake. Asubuhi, mangaribi, iko vilevile tu." Akanionyesha mtungi mwingine, mzee, wenye mdomo mpana uliomeguka. "Beba ile."

Niliuweka nyuma ya nyumba, kivulini, juu ya mchanga niliokuwa ninaulowesha. Nilitia maji yaliyolala kwenye ndoo usiku mzima mpaka harufu ya javeli, ile dawa ya maji ya bomba, ikaisha. Kisha samaki wawili, na kipande cha chandarua juu, kwa sababu ya paka. Kiwiko asubuhi, kiwiko mchana: baridi ileile.

Ila ndani ni giza, hawaonekani. Wanafanya nini huko? Nilizamisha kidole, nikangoja. Siku ya tatu kitu kikanigusa, laini kama ufizi wa mtoto mchanga.

Wiki hiyohiyo familia ya mchumba wa Yaya ilituma habari kwamba itakuja Jumapili. Papa akaisugua akwariamu mpaka ikang'aa.

"Siku ya yenga samaki banarudia mu salon. Bageni babaone."

Alhamisi sikusema kitu. Ijumaa sikusema. Jumamosi nilifungua mdomo, nikaomba chumvi.

Jumapili jua lilikuwa kali. Wageni wamekaa, Papa ameshajaza akwariamu, akaita, "Leta samaki!" Niliingia sebuleni, nikatia kiwiko changu kwenye maji mbele ya watu wote. Sikusikia kitu.

"Hapana, Papa."

Nilitoa kiwiko, maji yakadondoka sakafuni.

"Hii mayi iko moto. Nikibatia humu, bale babili batakufa. Ile ingine miye njo niliua."

"Kumbe anasemaka!" shangazi wa mchumba akapiga makofi. "Balituambia analalaka tu! Beko wapi, mama? Twende tubaone."

"Habaonekane," nikasema. "Tunabagusa tu."

Walitoka wote kwenda nyuma. Niliwapa masharti: mmoja mmoja, wanawe mikono bila sabuni, kidole kimoja. Shangazi alipiga kelele alipoguswa. Papa alikuwa wa mwisho. Alipiga magoti na koti lake, akazamisha kidole.

"Hakuna kintu."

"Usitikisike, Papa."

Tukangoja. Kisha nyusi zake zikapanda.

"Iko nanyonya," akasema polepole. "Na ile ingine?"

"Iko chini kabisa. Haipandake kama kuko bantu."

Papa aliwageukia wageni, akawaomba watangulie sebuleni. Yeye alibaki palepale, kidole majini.