Gauni Lisilo na Tundu la Mikono

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alikuwa na mchanga machoni, mwaka wa tatu huo, na mchanga wenyewe haukuonekana. Aliosha, akapikicha, akajielekezea feni usoni kutwa nzima akidhani inampoza, kumbe ndiyo inamkausha. Wateja walimwona akidondosha machozi juu ya suruali zao, wakaanza kupungua. Nani anataka suruali ya matanga?

Akaacha kuongea. Akaacha kupokea simu. Kioo cha kujaribia nguo akakigeuzia ukutani, maana kila akikitazama alimwona mwanamke wa kijivu kasimama nyuma yake, mahali pa macho pana ukungu tu. Kazi moja haikumshinda: gauni jeupe alilolishona kila alasiri kwa vipimo vya daftarini.

Siku moja mdogo wake alikuja kumwona, akalinyanyua lile gauni.

"Dada, huyu mteja mikono ataitolea wapi?"

"Kaagiza hivyo."

"Nani?"

"Yule anayesimama nyuma."

Mdogo mtu, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu azaliwe, akanyamaza. Kisha akamshika mkono, moja kwa moja hadi kliniki ya macho.

Daktari alimkagua kope, akasema vitundu vya mafuta vimeziba, ndiyo maana machozi hayakai jichoni. Akamwandikia dawa ya matone, kitambaa cha moto juu ya kope asubuhi na jioni, na feni igeuziwe kwingine. Halafu akauliza taratibu: "Na hamu ya kuishi, unayo?"

Fundi akatazama mlango. Akapangiwa pia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki.

Wiki ya sita mchanga ulipungua. Akakigeuza kioo: nyuma hakuna mtu. Akafungua daftari atafute jina la mteja. Jina halikuwepo, na mwandiko ulikuwa wake. Kifua, kiuno, urefu. Akachukua tepu, akajipima. Havikupishana hata nusu inchi.

Akalichukua lile gauni jeupe, akalitandaza mezani.

"Niletee wembe," akamwambia mdogo wake, aliyekuwa amekuja kumjulia hali.

Mdogo mtu hakusogea. "Wa nini?"

"Wa kufumulia, we mjinga. Hii nguo itoe mapazia."

Wakafumua mshono kwa mshono. Kila uzi ulipokatika, kioo kiliingia ukungu kidogo, kama mtu kapumua karibu. Fundi akawa anakifuta kwa kiganja, anaendelea.