Ng'ombe Aliyeacha Kungoja

Nakumbuka jina la kila ng'ombe niliyemkamua tangu niolewe hapa Sosiot. Huyu simtaji, maana nikimtaja hasira inarudi.

Nilimzoesha mwenyewe. Nagonga mkebe kwa kijiko, namwekea unga wa ng'ombe hadi juu, ndipo nakamua. Baadaye nikigonga tu, kabla hajaonja kitu, chuchu zinaanza kudondosha. Magoti yaliponishinda, kijana wangu akachukua kazi hiyo. Mwezi haukuisha, akaniambia, "Mama, huyu amezeeka. Anazuia maziwa. Dalali atamchukua siku ya soko, aende kuchinjwa."

Amezeeka! Juzi tu alikuwa anatujazia kibuyu cha mursik, mtindi wetu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayeniita Kogo, yaani bibi, alikuwa amefunga chuo. Huko wanachunguza panya. Panya anasikia mlio, halafu anapewa tone la maji ya sukari. Akishazoea, analamba kabla tone halijafika. Tone likiwa kubwa analamba kwa bidii. Likipunguzwa, ulimi unalegea. Anasema kuna kitu ubongoni, dopamini, kinachopanda mlio ukisikika, na kinapanda zaidi panya akijua kinachokuja ni kikubwa.

"Na mlio ukibaki ule ule, lakini tone liwe dogo?"

"Anajifunza upya, Kogo. Hangoji tena kama zamani."

Nikainuka na fimbo yangu mpaka zizini. Kijana alikuwa anagonga mkebe. Nikachungulia ndani: unga wa kiganja kimoja! Mwingine wote alikuwa anampa mtamba wake, yule anayemwosha kama bibi harusi.

"Unamwita kwa karamu halafu unampa makombo?"

"Mama, ng'ombe hajui kupima."

"Anko, hata panya anajua," mjukuu akasema. "Maziwa yana mambo yake mengine, lakini kungoja ni kule kule."

"Sasa mnanilinganisha na panya?"

"Panya hawezi kukubali," nikamwambia.

Nikarudi kukamua mwenyewe, magoti yakilia. Mkebe ukawa unajaa. Mwanzoni ng'ombe alinitazama tu, hakuamini. Ningemlaumu vipi?

Siku ya soko dalali akaja na kamba. Nikagonga mkebe mbele yake. Ng'ombe akageuza masikio, maziwa yakaanza kudondoka kabla sijamfikia.

"Huyu si wa kuchinjwa, mama," dalali akasema, akaikunja kamba yake.

Mpaka leo kijana wangu hajakubali kosa. Anasema eti ule unga aliokuwa akimpa ulikuwa mbaya. Ule ule ulionenepesha mtamba wake!