Mvua Iliyochapwa kwa Nyota

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika kituo kidogo cha kilimo upande wa Kiboko. Kila asubuhi nilipima mvua, kisha nikaingiza vipimo kwenye kompyuta. Nilikuwa nimesoma lugha ya C, ya kuandikia programu za kompyuta, kidogo tu, na kwa hicho kidogo namshukuru Mungu hadi leo.

Jumapili moja, baada ya ibada, alinijia mjane mmoja mkongwe wa kanisa letu. Sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha na majirani walikuwa wakipanda. Yeye alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za ndengu. Zikikauka ardhini, hakuwa na nyingine.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo mashine yako inakumbuka mvua za miaka mingi. Iulize kama hii ya kwanza huwa na wenzake, au hututoroka."

Kesho yake alifika mapema akaketi kwenye benchi mlangoni. Nilipanga wastani wa mvua wa kila wiki ya vuli katika safu moja, mfano wa visanduku vilivyopangwa mstari mmoja chini ya jina moja. Kisha nikaiagiza mashine ichape safu hiyo kwa jina lake. Ikatoa namba moja ndefu. Mwenzangu wa ofisini aliitazama akauliza kama hiyo ilikuwa mvua ya Nuhu.

Niliomba kimoyomoyo, nikafungua kitabu. Kumbe katika lugha ile, ukitaja jina la safu peke yake, mashine hukuonyesha mahali ilipohifadhiwa, si kilichomo. Ni lazima upite kisanduku kwa kisanduku. Nikaandika kitanzi cha kupitia vyote, nikasahau kuweka nafasi kati yao. Vipimo vikatoka vimeshikana kama uzi. Nilirekebisha tena, kila wiki ikapata mstari wake.

Nilimpelekea Susu karatasi nikiwa nimeridhika. Aliishika kwa heshima, akasema namba zimependeza, ila milimita hakuwahi kukutana nazo.

Nikarudi ndani. Safari hii kila kipimo kilichapwa kwa alama za nyota: mvua nyingi, nyota nyingi, kutoka kushoto kwenda kulia. Susu aliichukua, akaigeuza ubavu mpaka nyota zikaning'inia kwenda chini. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikaona anaukunja mkono wake. Huku kwetu, mvua ikinyesha, mtu huchimba kwa mkono aone maji yameshuka hadi wapi.

"Wiki ya kwanza yamefika kwenye kiwiko," alisema, akifuata nyota kwa kidole. "Hizi mbili zinazofuata, kwenye kucha tu. Halafu hapa yamezama mpaka begani. Nitangoja."

Majirani walimcheka, wakisema Susu anangoja ruhusa ya mashine. Jua liliwaka wiki mbili, na miche yao mingi ikanyauka. Wastani haukuwa ahadi, nami niliomba kila jioni. Mvua ya pili ilipokuja, alipanda kibuyu chote.

Siku ya sadaka ya mavuno alileta ndengu kwenye ungo. Chini ya ndengu alikuwa ametandika ile karatasi, ameigeuza ubavu, nyota zikielekea chini kama siku ile alipozisoma.