Siku Nilipomfunga Breki Mzee Mkude

Ngoja nianze kucheka mimi mwenyewe, ili nyinyi mkianza niwe nimeshazoea, maana aibu niliyoipata siku ile ilinifanya nitamani ardhi ipasuke inimeze mimi, amplifaya, betri na nyaya zote, na wala hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa huyu huyu mnayemtazama. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi kijana, fundi redio wa Mwembesongo, nywele nimezichana zikasimama, suruali pana chini, najiona hakuna kama mimi kuanzia Morogoro mjini mpaka Ngerengere.

Kijiji chenyewe sikitaji (wenyewe bado wapo na wanakumbuka vizuri sana). Kiko huko juu milimani, mahali ambapo ukisimama unaiona mvua ikinyesha chini yako. Nilikuwa nimempenda binti wa huko, Zena, ambaye alikuwa akishuka mjini kuuza ndizi na iliki, na nikapeleka posa. Sasa mnajua kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, baba unaweza kumpelekea kanzu tatu na bado hujafika popote, na mjomba wa Zena alikuwa Mzee Mkude, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Katika barua ya posa niliandika kwamba nina nyumba ya bati Mwembesongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanga chumba kimoja uani, tena mvua ikinyesha nalala nimekaa. Lakini barua ya posa, jamani, nani aliwahi kuandika humo kwamba analala amekaa?

Mzee Mkude hakujibu ndiyo wala hapana. Alituma neno kwamba kuna mkutano mkubwa, mgeni anakuja kutoka wilayani kuangalia maendeleo ya shamba la kijiji, na kwa kuwa nimesikika kuwa ni fundi wa vipaza sauti basi nipande navyo, nifanye kazi nionekane, na mkutano ukiisha nitapewa jibu langu siku hiyo hiyo. Hapo mjue kila kitu changu kilikuwa juu ya mkutano ule.

Vyombo vilikuwa vya tajiri wangu, mwenye duka. Spika mbili za mdomo mpana, zile zinazofungwa juu ya mti. Alinipa kwa sharti moja, nikiunguza hata moja nisirudi dukani, kwa sababu mwenzangu alikwisha kuunguza nyingine kwenye sherehe, mtu alishika maiki akapiga kelele mpaka spika ikatoa moshi. Basi mimi nikajitengenezea breki. Ni kitu rahisi: unachukua balbu ya gari, unaiunga kwenye waya unaokwenda kwenye spika, mtu akiongea kwa kiasi balbu inakaa kimya na sauti inapita yote, akipaza sana balbu inawaka, inakula ile nguvu ya ziada, na spika inapona. Nilijaribu balbu tatu dukani nikizipima kwa sauti yangu mwenyewe (sauti yangu mnaijua, nikiita kuku wanadhani nawaita wenzao), nikachagua ile ndogo kuliko zote ili nisibahatishe. Halafu, kwa kuwa mchana wa jua balbu haionekani vizuri, nikaivisha kioo chekundu cha taa ya nyuma ya lori.

Tulipanda na vyombo asubuhi, betri kichwani kwa mtu, spika mgongoni kwa mtu, mimi nimebeba maiki peke yake kama padri aliyebeba msalaba. Nikafunga kila kitu uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Kisanduku cha breki kingeweza kukaa chini ya meza. Nilikiweka juu ya meza, katikati, kioo chekundu kikitazama watu, kwa sababu kilipendeza na kwa sababu Zena na wenzake watatu walikuwa wanasogea.

Wakaniuliza kile kitaa ni cha nini. Ningejibu kama nilivyowaeleza nyinyi hivi sasa, yangeisha. Lakini niliona nikianza habari za umeme watanisinzilia, nikasema, tena kwa uso mkavu kabisa, kwamba hiyo ni mashine mpya, mtu akisema uongo kwenye maiki inawaka. Wasichana walicheka wakapigana vibega. Zena alicheka akaziba mdomo kwa khanga, na mimi nikavimba kichwa, nikaongeza kwamba mjini hivi sasa waongo wote wamehama.

Ambacho sikukiona ni kwamba nyuma yao alikuwa amesimama Bi Tausi, kikongwe wa kijiji, mtu wa heshima zake, ambaye hakucheka hata kidogo. Alinikaribia (nikamwamkia, shikamoo bibi), akaitikia, akakitazama kisanduku kwa makini, akaniambia kitu kama hicho walikuwa wanakihitaji siku nyingi, akaondoka zake. Mimi nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa anazunguka uwanja mzima, mkeka kwa mkeka.

Mkutano ukaanza. Mgeni mwenyewe alikuwa bwana mmoja mpole mwenye miwani na daftari. Wa kwanza kwenye maiki alikuwa katibu wa kijiji, kijana mwenye kifua dhaifu, akasoma majina ya wageni kwa sauti ya mgonjwa, na taa haikuwaka. Niliona watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika, nikafikiri wamefurahia usafi wa sauti. Nikajipongeza.

Kisha akasimama Mzee Mkude.

Sasa niwaambie kuhusu sauti ya Mzee Mkude. Watu wa kule walikuwa wanasimulia kwamba akimwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, anayeitwa anaitika na wa bonde la pili naye anaitika. Hakuwa ameshika maiki maishani mwake, na mimi, fundi mzima, sikumwambia hata neno moja kuhusu namna ya kuitumia, nilikuwa na shughuli zangu za vioo vyekundu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, akatoa salamu ya "Uhuru!" na taa ikawaka kama jiko la mkaa. Kwa bahati watu walikuwa wanaitikia "Na kazi!" wakiwa wametazama juu. Lakini Bi Tausi hakuwa ametazama juu.

"Mwaka huu," akasema Mzee Mkude, "kijiji chetu kimelima matuta mpaka mtoni."

Taa. Nyekundu, wazi, haina aibu. Kicheko kikaanzia upande wa akina mama, kidogo, cha puani. Mzee akadhani hasikiki, kwa hiyo akaongeza sauti, akasema wanakijiji wote wamejitokeza shambani kila siku ya kazi bila kukosa, na taa ikawaka zaidi, na kicheko kikahamia upande wa wanaume. Na mjue, wenzangu, kwamba breki yangu ilikuwa inafanya kazi barabara: kadiri alivyopaza ndivyo ilivyomkaba, mtu anatoa mishipa ya shingo na kwenye spika anatoka sawa na yule katibu wa kifua. Alikuwa anajisikia mwenyewe anafifia. Basi anapaza. Basi taa inawaka. Basi watu wanaanguka mikekani.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba taa ilikuwa kama inajua kweli. Mtu akitaja jambo la hakika hulisema tu, akianza kutia chumvi hupandisha sauti, ndivyo tulivyo. Mzee alisema tuna ng'ombe wawili, taa kimya. Alisema mahindi yetu yanawapita watu kimo, taa ikawaka, na mzee mmoja akalia machozi ya kicheko akimshikilia jirani yake. Mgeni akavua miwani, akaifuta, akamwinamia Bi Tausi aliyekuwa amejisogeza karibu naye, akanong'onezwa. Alipoinuka hakuwa tena anamtazama Mzee Mkude, alikuwa anatazama kisanduku. Akauliza kwa upole kama hayo matuta kweli yamefika mtoni.

"Yamefika," Mzee akanguruma, na ile taa nilidhani itapasuka.

Ningeweza kuichomoa. Nilifikiri hivyo, mkono ukaenda kwenye waya, nikakumbuka spika za tajiri na ile sauti, mkono ukarudi. Nikafikiri kuzima kila kitu, nikaona nitakuwa nimemnyamazisha mjomba mbele ya mgeni. Nikachagua njia ya tatu, ya kijinga kuliko zote. Niliruka nikaichukua maiki mikononi mwake (mnisamehe, ndiyo, niliichukua mkononi mwa mjomba wa mchumba wangu) na kwa kuwa kelele za kicheko zilikuwa nyingi nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote:

"Jamani, taa hii haijui uongo!"

Ikawaka.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile tangu siku hiyo. Nilirudia, "Nasema kweli!", ikawaka tena. Kuna mtu alibebwa pembeni apate hewa. Mzee Mkude peke yake ndiye hakucheka. Alinyoosha mkono, maiki ikarudi kwake, akauliza ni nani aliyesema kwamba taa hii inamjua mwongo, na uwanja mzima, pamoja na wale wasichana watatu, ukaninyooshea kidole mimi.

"Basi tuanze na wewe," akasema, akaniwekea maiki mdomoni. "Ile nyumba ya bati ya Mwembesongo ni yako?"

Sasa fikirini hali yangu. Katika uwanja ule wote mimi peke yangu nilijua kwamba nikinong'ona tu taa itakaa kimya, na nyumba ya bati itakuwa yangu mbele ya mashahidi mia mbili. Nilifungua mdomo ninong'one. Nikamwona Zena, hacheki tena, anamtazama mjomba wake, na mjomba jasho limemlowesha kanzu mgongoni, mtu mzima anachekwa na watu aliowaongoza, na hajui kwa nini. Roho ikaniuma, na maneno yakanitoka kwa kupayuka.

"Sina nyumba! Nina chumba cha kupanga, na paa linavuja!"

Taa ikawaka kuliko mara zote. "Mwongo," akasema Bi Tausi, "anayo." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akampongeza Zena kwa kupata mume mwenye nyumba asiyependa kujisifu.

Mzee Mkude hakupiga makofi. Alinitazama mimi, akatazama taa, akatazama mimi tena. Kisha akaisogeza maiki na kusema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, kwamba yeye ana umri wa miaka kumi na minane na kesho anaanza shule. Taa kimya. Akasema kwamba mkewe hajawahi kumfokea. Kimya. Watu walipoelewa walicheka upya, lakini safari hii walicheka pamoja naye.

Akaendelea hivyo hivyo, chini chini. Akamwambia mgeni kwamba matuta yameishia katikati ya mlima, kwamba majembe yameisha makali na watu wamechoka, na kwamba alisema mtoni kwa sababu aliona haya. Na mjue sauti ile ya chini ilipita kwenye spika zangu yote, nzito, safi, ikaenda ikagonga mlima wa pili. Mgeni alivaa miwani yake akaandika muda mrefu.

Mkutano ulipoisha nilikuwa nakunja nyaya nisiinue uso. Mzee alinijia akasema jibu langu lilikuwa tayari tangu jana, lilikuwa ndiyo, ila sasa inabidi afikiri upya, na wakati anafikiri mimi niwe napanda kila Jumapili na jembe. Habari za nyumba hakuziuliza tena, alisema hilo moja nililolisema kwa kupayuka analiamini. Zena alinisindikiza mpaka kwenye mteremko, akasema, "Ungemwambia tu aongee taratibu."

Nililima misimu miwili. Jibu likaja, tukaoana, na harusi ya fundi wa vipaza sauti ilifanyika bila kipaza sauti hata kimoja, kwa amri ya mjomba, kaswida zikaimbwa kwa vifua vya watu. Tangu siku ile nimeapa, na nimetimiza: breki zangu nazifungia ndani ya sanduku kwa skurubu nne, na hakuna mtu anayeshika maiki yangu kabla sijamwendea pembeni nikamwonyesha namna, awe kiongozi, awe bibi harusi, awe mlevi. Kuchekwa na uwanja mzima nimeshasamehe, na nyinyi nimewaruhusu. Lakini yule mzee akisimama pale peke yake, akiongeza sauti na kuongeza, huku mimi ndiye niliyemkaba, na yeye akidhani ni uzee umemmaliza nguvu kifuani, hilo bado linanijia nikiwa peke yangu, na hapo sicheki.