Glavu za Dada Mumbua

Duka lile lilinukia viatu vipya na dawa ya nondo. Lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko la Machakos, jembamba kama ukumbi wa kupitia, na ndani yake kila kitu kilikuwa cheupe: shela zilizoning'inia kutoka darini, taji za kung'aa ndani ya kabati la vioo, maua ya kitambaa yasiyo na harufu hata ukiyasogeza puani. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Muthetheni asubuhi, mimi, mama na dada yangu Mumbua, ambaye zilikuwa zimebaki wiki chache tu aolewe na mwalimu mmoja wa Matuu. Gauni lilikuwa kwa fundi, karibu kwisha; sasa tulikuja kutafuta shela, hereni, viatu na glavu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililia mpaka wakachoka.

Nyumbani walidhani nalilia safari ya mjini. Mimi nilitaka tu kuwa alipo Mumbua. Tangu nipate akili nililala naye kitanda kimoja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu yangu kama blanketi la pili. Mkono huo ulikuwa na kovu kutoka kiwiko hadi karibu na vidole, laini, lenye mikunjo kama maji yanayopigwa na upepo. Nilipokuwa bado natambaa, nilikuwa nimeielekea sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, iliyokuwa ikitokota jikoni. Mumbua akanidaka, sufuria ikapinduka, na yeye ndiye aliyeungua. Mimi sikupata hata lengelenge.

Mwenye duka, mama mnene mcheshi, alimvika Mumbua shela moja, akaiondoa, akamvika nyingine. Taji moja lilikuwa kubwa hata mama akasema ni kama amebeba kiota cha ndege, tukacheka sote. Kisha Mumbua akakunja mikono ya sweta, na yule mama akaliona kovu.

"Usijali, bibi harusi," alisema kwa upole. "Niko na glavu ndefu, zinapita kiwiko. Hakuna mtu atajua."

Mama alizipokea haraka mno. "Hizi ndizo. Zijaribu."

Mumbua alizivaa, akasimama mbele ya kioo. Mkono ulikuwa mzuri, umenyooka, lakini haukuwa wake. Alijitazama kwa muda, kisha akaanza kuvua, kidole kimoja kimoja.

"Mwaitu, sitaki," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama tulivyozoea.

"Watu wa Matuu watauliza."

"Wacha waulize."

"Watauliza mama yako alikuwa wapi."

Sikuwa nimewahi kusikia sauti ya mama ikitetemeka. Kumbe miaka yote hiyo, nikidhani kovu ni la Mumbua peke yake, mama naye alikuwa akiungua. Mumbua akamshika mikono, glavu moja ikiwa bado imemning'inia vidoleni.

"Ulikuwa shambani, mwaitu, ukitutafutia chakula. Mimi nitawaambia hivyo. Na nitawaonyesha huyu hapa, niwaambie ndiye niliyemdaka."

Akanivuta kwake. Mama alijifuta macho kwa ncha ya leso, akarudisha glavu mezani. Kisha akainama kwenye kabati la vioo, akachagua mwenyewe hereni ndogo za lulu bandia, akamvisha Mumbua. Tuliondoka na hizo, shela fupi na viatu vya kisigino kifupi.

Siku ya harusi Mumbua aliingia kanisani mikono wazi, na mama alitembea nyuma yake akiwa ameinua uso. Vigelegele vilinifanya nisahau kwamba kuna jioni. Jioni ilipofika gari lilimchukua, na mama akaniambia sasa nina kitanda kizima peke yangu, kana kwamba ni zawadi. Kwa miezi mingi niliendelea kulala upande wa ukutani, nikimwachia nafasi.

Siku hizi nafanya kazi mjini Machakos. Vitu vya harusi vinakodishwa, na wasichana huchagua kwenye simu, wakawatumia rafiki zao picha kabla mama hajaulizwa. Siwalaumu, wanapendeza. Ila nikiwaona huwa natamani kuwauliza nani amewasindikiza. Mama ametutoka. Mumbua ana nyumba kubwa Matuu na wajukuu, nami nina wangu. Huonana Krismasi na matangani, kukiwa na wageni wa kupakulia na watoto wa kukemea. Mara ya mwisho nilipomtembelea alinikalisha sebuleni, akafungua kabati, akanitolea kikombe cha maua chenye kisahani, vile vya kuwekewa wageni. Nilitamani kumwambia anipe cha plastiki, tukanywe jikoni. Aliniuliza kama sukari imetosha. Nikamwambia imetosha, dada, asante.